Karatasi za Bi Majani

Jina la Bi Majani alipewa na wapagazi wa gati ya Mokowe, na nadhani walilitoa kwa hasira. Walibeba magunia yake wakidhani yana nguo, au vitabu, au walau kitu cha maana. Walipofika botini wamelowa jasho, gunia moja likapasuka. Ndani hamna ila magazeti ya zamani, na ndani ya magazeti majani makavu. "Bi huyu ana wazimu," mmoja akasema. "Majani yamejaa nti nzima, yeye ayatukua kwa gunia kuyapeleka wapi?" Tangu siku hiyo akawa Bi Majani, kuanzia Mokowe hata Kizingitini, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilokuja nalo.

Lile alilokuja nalo sitaliandika. Wala sitasema alizaliwa nchi gani na babake alikuwa nani. Hayo yamo katika vitabu vya wenzake, na mimi sikumjua kwa vitabu. Nilimjua kwa miguu. Nilitembea nyuma yake miaka kumi na minne, na mbele yake mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iliyoniponza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya ukindu na leso aliyoifunga kiunoni juu ya suruali, kwa heshima, alivyosema, ingawa leso yenyewe siku zote ilikuwa imenasa miiba. Alitembea kama mtu aliyeangusha pete. Hatua mbili, anainama. Hatua tatu, anapiga magoti. Safari ya nusu saa kwake ilikuwa asubuhi nzima. Bahari hakuitazama. Miaka zaidi ya thelathini ameishi visiwani na hakujua kuogelea wala hakuona aibu. Akipanda boti alikaa katikati, akafumba macho, akayafumbua pwani ikikaribia, na neno lake la kwanza lilikuwa jina la mti.

Na miti aliisalimia. Si mzaha. Alikuwa akisimama mbele ya kichaka asichokijua na kusema, "Salamu aleikum, wewe ni wa nani?" Alijua ukoo wa kila jani, nani binamu wa nani, nani kaolewa mbali. Lakini watoto wa jirani zake pale mtaani Amu, mji wa Lamu, waliozaliwa akiwaona na kukua akiwaona, wote aliwaita "wewe". Jirani mmoja aliwahi kumwambia mbele yangu, "Bi Majani, mwanangu huyu ana jina kama mtunguja wako." Akacheka, akaliuliza jina, akalisahau kabla hatujafika pembeni.

Lugha yetu aliijua kutushinda. Alijifunza kwa wanawake wazima wa Amu, katika kumbi zao, wakati ambapo wanawake hao walikuwa bado wanasema bila kuona haya. Kwa hiyo yeye alisema ndia, mato, mayi na kitwa, si njia, macho, maji na kichwa, huku watoto wetu wakileta Kiswahili cha televisheni. Siku moja mpwa wangu alimwambia, "Bi Majani, njia imefungwa huko, zunguka." Akasimama, akamtolea macho. "Ndia," akasema. "Wewe ni mtoto wa Amu. Ukisema njia mbele yangu tena, simtambui mamako." Mpwa wangu alikwenda kuwasimulia wenzake: "Huyo mzungu ako na Kiswahili ya nyanya yangu." Nilicheka sana siku ile. Siku hizi nikikumbuka sicheki vile. Mtu anapoijua lugha yako kama mamako anavyoijua, unamfungulia milango bila kuuliza anaingia kuchukua nini.

Kazi yangu kwake ilikuwa mwandiko. Nilikuwa mwalimu wa darasa la chini, na mwandiko wangu ulisifiwa. Alinichukua kwanza kwa likizo moja, kisha kwa likizo zote. Yeye alikata tawi, akalitandaza juu ya gazeti, jani moja limelala kifudifudi na jingine chali ili pande zote mbili zionekane, akafunika kwa gazeti jingine. Yalipokuwa mengi aliyabana katikati ya mbao mbili na kukaza mikanda, akiikanyaga kwa goti na kutukana kwa lugha ya kwao. Wakati wa masika majani yaliota ukungu, basi akayaning'iniza juu ya jiko la makaa, akakaa hapo akiyageuza, nyumba nzima ikanuka nyasi, moshi na gazeti. Mimi nilikaa mkekani naandika vijikaratasi. Kila jani na kijikaratasi chake: jina, rangi ya ua likiwa bichi, watu wanalitumia kwa nini, nani kakusanya, siku gani. Na mahali.

Mahali ndipo tulipogombania. "'Karibu na kisima' si mahala," alikuwa akinirudishia karatasi. "Pate kuna zisima zingapi? Mtu akiya miaka mia kutoka leo ataka kuuona mti hunu, utamwambia atafute kisima?" Nikimwambia kwamba huyo mtu wa miaka mia ijayo anaweza kuuliza watu, alitikisa kichwa. "Watu hufa. Kama hukuandika, hukuona." Neno hilo alilisema kila siku ya Mungu. Baadaye alinunua kidude cha kuvaa shingoni, kinachoongea na satelaiti na kutoa nambari za mahali ulipo. Basi tukaacha kugombana. Nilidhani ni nafuu.

Msinielewe vibaya, nilimpenda. Ninayasema haya nikiwa na kisirani, lakini ukweli ni ukweli. Njiani baada ya Mokowe askari aliwahi kutushusha garini akidhani tumebeba bangi. Mtu mwingine angeomba radhi au angepiga simu kwa mkubwa fulani. Bi Majani alikaa chini pale pale barabarani, akamfungulia yule askari magazeti moja moja, akamweleza kila jani, hata askari akavua kofia na kuchutama. Alipotuachilia askari huyo alikuwa ameahidi kumletea Bi Majani mmea mmoja wa kwao bara, ambao Bi Majani alisema hauwezi kuota kule. Akauleta kweli, mwaka uliofuata, umefungwa katika soksi. Bi Majani alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikufanya ujione una kitu kichwani.

Na hakuwa na msimamo hata kidogo. Harusi ya dadangu aliwagombeza wanawake waliochuma asumini za kusukia vikuba vya kujipamba, akasema wanawaua wadudu kwa njaa. Juma lile lile aling'oa michongoma minne mizima katika ua wa mjane huko Siyu, na mjane alipolalamika alimwambia, "Yangu ni ya elimu." Wakati ule niliona ni kichekesho. Nilikirudia nyumbani kama kichekesho. Mamangu peke yake hakucheka.

Sasa ni lazima nimseme mamangu.

Mamangu alizaliwa Amu akaolewa Mkokoni, na miaka hamsini Mkokoni haikumtoa ulimi wake wa Amu. Alikuwa mkunga. Ukunga wenyewe alifika nao, lakini dawa moja aliikuta huko, kwa mavyaa wake, nyanya yangu mzaa baba. Ni kimti kifupi kinachoota mahali pamoja tu porini nyuma ya Mkokoni. Mzizi wake hupewa mwanamke aliyejifungua na damu ikakataa kukatika. Nyumbani kwetu hakikutajwa kwa jina. Kiliitwa Mwenyewe. Na kulikuwa na adabu ya kukiendea: huchimbi ila mzizi mmoja, wa urefu wa kidole, kisha unafukia. Husemi neno tangu uipite nyumba ya mwisho hata urudi. Na unaporudi hupiti njia uliyoendea, wala safari ya pili hupiti pale ulipopita safari ya kwanza, ili miguu isije ikachora njia. Nyanya alimwapisha mamangu kwa hayo yote, na kwamba Mwenyewe asikwishe mkononi mwake, kwa sababu mamangu alikuwa mgeni, na mgeni huapishwa mara mbili.

Bi Majani alimwona Mwenyewe kwa ajili yangu. Nilikwenda Mkokoni kwa mamangu kuzaa mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi, na yeye alikuwa huko huko akikusanya majani yake. Mtoto alitoka salama. Mimi sikutoka salama. Boti ya kunipeleka hospitali ilikuwa imekwenda Kiwayu. Bi Majani ndiye aliyenishika kichwa, akanipangusa uso, akaniimbia nyimbo za kwao ambazo sikuzielewa, na mamangu akajitanda na kutoka bila kusema. Aliporudi alikuwa na kitu ndani ya ngumi. Nilikunywa. Mwenye kuponya ni Mungu, lakini damu ilikatika.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni macho ya Bi Majani. Alikuwa bado amenishika kichwa, lakini hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama ngumi ya mamangu.

Miaka saba aliuliza. Aliuliza kwa adabu, kwa zawadi, kwa hoja. Alisema msitu unakatwa, barabara inakuja, moto unapita, na siku Mwenyewe atakapokwisha hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwako. Mamangu alimsikiliza akikatakata tambuu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mahali alikuwa amekwisha kunionyesha mimi, kwa kuwa sina dada aliyebaki huko. Mwishowe aliniita mimi peke yangu chumbani.

"Rafikiyo asema kweli," akaniambia. "Mimi nafa, nawe u Amu na wanafunzi wako. Basi nauandikwe. Mpe jani na ua. Mzizi usiguswe. Na mahala pasiandikwe. Hili nilipowa na mavyaa wangu, nami nilimuapia."

"Bi Majani ataapa, mama."

"Yeye simjui. Namuamini kwa ajili yako wewe."

Bi Majani aliapa. Aliapa kwa maneno mazuri ya Kiamu, mkono kifuani, na mamangu aliridhika.

Tulikwenda asubuhi, mimi mbele, yeye nyuma. Tulipoipita nyumba ya mwisho nilinyamaza, naye akanyamaza, na nilifurahi kuona anavyoishika adabu yetu. Tulifika. Alipiga magoti, akakata tawi moja lenye ua, akalilaza katika gazeti kwa upole kama anayemlaza mtoto. Kisha nikaona kile kidude shingoni mwake kina taa ya kijani.

Niliijua taa ile. Maana yake ni kwamba kinahesabu. Nilitaka kusema, "Bi Majani, zima." Neno lilifika mdomoni. Lakini nilikuwa nimekatazwa kusema, na mimi mtoto wa Mkokoni tangu udogo naogopa kuivunja adabu ya Mwenyewe kuliko ninavyoogopa nyoka. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatabasamu, akakifunika kwa kiganja. Basi. Nilinyamaza kwa kumtii mamangu, na kwa kunyamaza kwangu nikampoteza. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa la kijinga namna ile. Tulipoanza kurudi, kwa upande mwingine kama inavyotakiwa, alinionyesha kwa ishara kwamba anafunga kiatu, nitangulie. Nikatangulia.

Nyumbani nilimuuliza kuhusu kidude. "Chajiwasha chenyewe," akasema. "Nitazifuta zile nambari." Kijikaratasi nikakiandika mimi kwa mkono wangu, na pa mahali nikaandika Mkokoni, neno moja, na yeye hakunirudishia. Nilisema moyoni, leo nimemshinda.

Miaka miwili ikapita. Nilikuwa Mkokoni likizo, nimemwandalia mamangu kahawa, wakaja wageni wawili, kijana na msichana, wanafunzi wa chuo fulani cha bara. Watoto wenye heshima. Walivua viatu. "Shikamoo nyanya," msichana akasema, "tumesoma kuhusu ile dawa yako ya akina mama, tukasema lazima tuje tukusalimie. Wewe ni mtu mkubwa sana." Na akatoa karatasi iliyochapishwa, yenye picha ya lile tawi kwenye gazeti lake. Akaisoma kwa sauti, akitafsiri, kwa nia njema kabisa. Akasoma matumizi. Akasoma mahali: si neno moja, ni mistari mitatu, kutoka kisimani hatua kadhaa, upande gani, na nambari za satelaiti. Kisha akasoma waliokusanya. Kwanza jina la Bi Majani, lile alilokuja nalo. Kisha: "na Mwanakheri Athmani."

Mamangu akasema, "Soma tena hapo pa mwisho."

Akasoma tena. Ni mimi. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi.

Sisemi kwamba ni wale watoto waliowaleta wachimbaji. Karatasi inayosomwa na mmoja husomwa na wengi. Ninachojua ni kwamba kabla ya mwaka kwisha watu tusiowajua walishuka kwa boti na majembe na magunia, wakapita kijijini bila kuuliza mtu. Nilipokwenda kutazama nilikuta mashimo. Na kutoka mashimoni hadi pwani kulikuwa na njia, pana, nyeupe, ya kupita punda. Nilisimama juu yake nikalia kwa sauti. Nilisema maneno mengi, adabu ya kunyamaza ilikuwa haina kazi tena.

Mamangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimweleza habari ya kidude, ya kiapo, ya kijikaratasi nilichoandika neno moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jina lako limesomwa mbele yangu mara mbili." Kisha akanigeuza mgeni. Aliacha kuniita mwanangu. Aliniita Bi Mwanakheri. Niliingia nyumba niliyozaliwa nikatandikiwa mkeka mpya, nikaletewa kahawa kwa kikombe cha wageni, kile chenye mstari wa dhahabu. Jikoni nilikatazwa. "Kaa, Bi Mwanakheri, utatoka," alisema kwa Kiamu chake, yaani nitachoka. Miaka tisa sasa. Mwenye mama ataelewa.

Nilimkimbilia Bi Majani na hasira zangu zote, nikamkuta amenikunjulia mikono. "Umeona? Jina lako limo! Watu wengi waliofanya kazi hini kabla yangu walificha majina ya waliowasaidia. Mimi nimeliandika lako, sawa na langu. Utasomwa miaka mia." Alikuwa anafurahi kweli, na hilo ndilo lililonikata maini. Angekuwa mwizi wa kawaida ningejua la kumfanya. Yeye alinifanyia heshima. Nikamuuliza mahali. Akatazama chini. "Karatasi bila mahala si kitu, Mwanakheri. Wenzangu wangenicheka."

Wenzake wangemcheka. Kwa hilo.

Nilimwomba kitu kimoja tu: aje Mkokoni, akae mbele ya mamangu, aseme kwa kinywa chake kwamba mahali aliandika yeye. Akakubali mara moja. Kisha ikawa masika. Kisha ikawa mkutano ng'ambo. Kisha ikawa barabara mbaya, kisha goti. Alikuwa na sababu ya kila msimu, kama miti yake ilivyo na maua ya kila msimu. Na mimi, ajabu yangu, niliendelea kumwandikia vijikaratasi kwa muda. Niliogopa kwamba nikimwacha, shahidi wangu wa pekee atapotea. Halafu siku moja aliniambia, "Kama hukuandika, hukuona," kwa mazoea tu, nikaweka kalamu chini nikaenda zangu.

Mwaka huu mamangu amekuwa hatoki kitandani, na haoni. Nikaona niweke kiburi pembeni. Nilikwenda nyumbani kwa Bi Majani asubuhi, nikafunguliwa na msichana wake wa kazi, nikamkuta uani kwenye kiti, amekonda, miguu ameiweka juu ya kigoda. Akili ilikuwa timamu. Alinitambua kwa hatua.

"Mwanakheri. Umekuya kuniandikia?"

Nilikuwa nimekwisha kukiona. Chini ya ngazi, penye kivuli, kulikuwa na mtungi uliovunjika mdomo, na ndani yake kimti kifupi chenye majani ninayoyajua kuliko kiganja changu. Kimestawi. Kina maua.

"Bi Majani," nikasema. "Huyu ni Mwenyewe."

"Naam."

"Haoti kwa jani. Huota kwa mzizi."

Akainua kidole. "Kipande tu. Kama kidole."

"Lini?"

"Siku ile. Ulipotangulia."

"Ulisema wafunga kiatu."

"Na kiatu nilifunga," akasema. Wallahi hivyo ndivyo alivyosema.

Nilikaa chini sakafuni. Miaka yote nilipokuwa nasimama mbele ya mamangu nikimtetea, nikisema ni kidude tu, mzizi hakuugusa, Mwenyewe alikuwa anakua humu ndani, anamwagiliwa. Kila niliponyweshwa chai katika nyumba hii alikuwapo, amefichwa ghorofani au nyuma ya mlango. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika.

Alingoja nimalize. "Kama singetukua," akasema taratibu, "leo mti hunu ungekuwako wapi? Porini umekwisha. Mimi ndiye mwenye nao, peke yangu. Mtukue. Umpelekee mamako, autie mtangani uote. Una haki nao."

Na alisema kweli, ndipo hapo penye uchungu. Ulikuwako kwa sababu alivunja kiapo. Na porini ulikwisha kwa sababu hiyo hiyo.

"Nikimpelekea, Bi Majani, atajua nini? Haoni. Atashika majani. Mwanawe, aliyesomwa jina mara mbili, amemletea Mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Atajua nini?"

Aligeuza uso kuutazama mtungi.

"Sikuombi mti. Nakuomba mdomo wako. Boti nimeshaikodi, ya kesho asubuhi, na kiti nimekiweka ndani. Mwenye boti atakubeba mgongoni. Njoo umwambie."

"Nitaandika," akasema, na macho yake yakang'aa kidogo. "Nitaandika kila kitu, na nitatia sahihi."

"Mamangu hasomi."

"Utamsomea wewe."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimsomee?"

Alinitazama kwa muda, na naamini kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote aliniona mimi, si mwandiko wangu. Akashika mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi. "Basi nitakuya," akasema. "Kesho. Inshallah. Niache nilale nipate nguvu."

Asubuhi nilikaa gatini kwenye ile boti, pembeni ya kiti. Mwenye boti aliwasha injini mara mbili akaizima mara mbili, kwa huruma. Mara ya tatu nikamwona msichana wa kazi anakuja mbio, peke yake, amekumbatia mtungi uliovunjika mdomo. Bahasha ilikuwa imechomekwa kati ya matawi. "Amesema goti limekataa," akasema. "Amesema kila kitu kimeandikwa."

Nilifikiri kuutupa baharini. Nasema kweli, niliuinua. Lakini mamangu alimwapia mavyaa wake kwamba Mwenyewe hatakwisha mkononi mwake, na Mkokoni wanawake bado wanazaa. Nikauweka juu ya kile kiti, nikaufunga kwa leso yangu usianguke, tukaondoka.

Mamangu alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Nilimsalimia, akaniitikia, akaita nitandikiwe mkeka. Niliweka mtungi kando ya kitanda bila kusema neno, nikafungua bahasha, nikasoma. Bi Majani alikuwa ameandika vizuri, Kiamu safi kama cha mamangu mwenyewe. Mahala niliandika mimi. Mzizi niliutukua mimi. Mwanako alitangulia ndiani, hakuona. Hana kosa. Nilisoma kila neno, na nilipokwama nikarudia ili asikie vyema.

Nilipokuwa nasoma, mkono wake ulikuwa umetoka shukani na kuufikia mtungi. Alishika jani moja, akalikunja, akaleta vidole puani. Akakaa navyo hapo.

"Umesoma uzuri," akasema. "Na mti hunu, Bi Mwanakheri, wewe ulikuwa nao wapi siku zote hizi?"